Imezeeka, nilikuwa nasema

Stima ilirudi saa nne na dakika kumi. Nazikumbuka hizo dakika manake bibi aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya duka langu la kuprinti hapa Lamu aliniuliza saa ngapi, nikamwambia, akasema basi tuna nafasi, boti ya Faza yatoka saa tano.

Alikuwa na jambo dogo tu. Fomu ya basari ya mjukuu wake, kurasa nne, mwanawe kamtumia kwenye simu, anataka nimprintie akaijaze usiku ule ule aipeleke kesho yake kabla siku haijapita. Kurasa nne. Printa yangu ni ya kebo, haijui habari za simu, kwa hivyo lazima kompyuta iwake kwanza.

Nikabonyeza kitufe. Nembo ikatokea, vile vidoti vikaanza kuzunguka, na mimi nikafanya nilichokuwa nikifanya kila siku kwa miaka miwili, nikatoka nje nikasema, "Ngoja kidogo bibi, mashine imezeeka."

Akasema si neno.

Saa nne na robo vidoti bado vinazunguka. Saa nne na dakika ishirini na tano skrini imekuja lakini mausi haisogei, nabonyeza hapa inaitika baada ya muda, nachomeka simu ya bibi haionekani, nikapandwa na hasira nikazima nikawasha upya, na hilo ndilo kosa lililomaliza kila kitu, manake safari ikaanza tena mwanzo. Saa tano kasorobo bibi akasimama. Hakunigombeza. Alijifunga buibui yake vizuri, akashika kikapu, akaniomba simu yake, akasema, "Mwanangu, maji hayangoji," akashuka na kichochoro kwenda gatini. Na kweli hayangoji, mwenye boti akichelewa maji yakaanza kutoka, pale kwenye mkondo wa Mkanda atakwama.

Saa tano na dakika tano mashine ikawa tayari.

Neno moja miaka miwili

Sikulala vizuri siku ile, na wiki tatu zilizofuata kila nikiiwasha asubuhi namwona yule bibi amekaa. Sikumuuliza jina. Sikuchukua namba. Sikujua kama yule mtoto alipata basari ama hakupata, na bado nilikuwa na lile neno langu mdomoni, imezeeka, kila mteja nampa, mwalimu anayetaka kuprinti mitihani, kijana anayefanya ritani za kodi za KRA, nahodha anayetaka kopi ya leseni, wote nawakalisha kwenye baraza nawaambia imezeeka, nao wanakubali, manake nani atabishana na uzee.

Mimi lile neno halikunigharimu kitu. Waliolipa ni wale waliokaa.

Usiku mmoja nikajiuliza hivi, kompyuta inazeeka vipi hasa? Yangu ni ya mezani, ya mtumba, prosesa yake, yaani ubongo wa kupigia hesabu, ni Core i5 ya kizazi cha tatu, zile Intel walizozitoa 2012, RAM, memori ya kazi za papo hapo, gigabaiti 8, na "hadi diski" (hard disk), ghala la mafaili, gigabaiti 500. Miaka mingi, sikatai. Lakini prosesa si goti. Haichoki. Hesabu ilizoweza kufanya kwa sekunde moja siku inatoka kiwandani ndizo inazofanya leo, labda vumbi lijae feni, ipate joto ipunguze mwendo. Sasa uzee uko wapi?

Kesho yake nikaiwasha, nikangoja, nikafungua kile kidirisha kinachoonyesha nani anafanya kazi na nani hafanyi. Prosesa: asilimia 7. RAM: nusu. Diski: asilimia 100, na ikakaa hapo hapo dakika kumi na mbili bila kushuka.

Prosesa ilikuwa imekaa barazani na wateja wangu, inangoja.

Mtoto wa kutumwa dukani

Wengi wetu tunajua hadi diski ni ile kitu nzito yenye sahani ndani, lakini mimi sikuwahi kukaa nikafikiria inavyohangaika. Sahani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kuna mkono wenye kichwa kidogo kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa. Ukitaka faili, mkono usogee hadi kwenye mzunguko wake, kisha ungoje sahani izunguke ilete hiyo data chini ya kichwa. Kusogea na kungoja kunakula kama milisekunde kumi na kitu. Ni kidogo ukisikia, lakini piga hesabu: kwa sekunde moja itaweza vijisafari kama mia tu. Na Windows ikiwaka inataka vijifaili maelfu kwa maelfu, vimetawanyika kila pembe.

Ni kama kumtuma mtoto mmoja dukani, chumvi, arudi, kiberiti, arudi, nazi, arudi. Mtoto hana uvivu, anakimbia kweli kweli, ni vile yuko peke yake na njia ni ile ile.

Kuna diski ya aina nyingine, SSD, hiyo haina sahani wala mkono. Ni chipu, jamii moja na zile za flashi na memori kadi, na kutoka kona moja hadi nyingine hakuna cha kusogeza, kwa hivyo vile vijisafari inavifanya makumi ya maelfu kwa sekunde. Ufundi wenyewe si mgeni, Fujio Masuoka wa Toshiba aliutangaza mwaka 1984, sisi huku tu ndio tulichelewa kuupata kwa bei ya kushikika.

Elfu tatu na mia tano

Hapa ndipo nilipobabaika zaidi, na nataka niyaseme haya yote manake kuna mtu sa hivi yuko pale nilipokuwa.

Wasiwasi wa kwanza: kutia pesa kwenye mashine ya zamani ni sawa na kupaka jahazi bovu rangi? Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni cha tatu. Kwa hivyo hata nikiweka diski ya dhahabu, mlango wa mbele umefungwa. Kompyuta nyingine ya mtumba iliyo nzuri nilitajiwa elfu ishirini na nane, sina, na hata ningekuwa nazo kuna karo.

Wa pili: SSD ipi. Nilimpigia muuzaji mmoja Mombasa akanisukumia NVMe, ile nyembamba kama ubani wa vipande, akasema hii inasoma megabaiti 3,500 kwa sekunde, ile ya SATA, ya kuchomeka kwa kebo, inaishia 550, kwa nini ununue kobe? Maneno matamu. Lakini ubao wa mashine yangu hauna hata hiyo nafasi ya kuichomeka. Na nilipotulia nikaona hata ingekuwepo, shida yangu si megabaiti za kwa sekunde, shida yangu ni vijisafari, na kutoka mia kwenda makumi ya maelfu ndiyo hatua yenyewe, zile nyingine za juu yake mtu wa kuprinti fomu hatazisikia.

Wa tatu: feki. Kuna moja niliiona mtandaoni imeandikwa terabaiti 2, bei elfu mbili. Usiiguse. Zile zinadanganya saizi, unaandika faili zinaonekana zimeingia, kumbe zikifika ukingo wa ukweli zinaandikwa juu ya zilizotangulia, na siku unazitaka hazipo. Hata ukinunua ya bei ya kawaida, kabla hujaweka kitu ijaze yote kwa programu ya majaribio kama H2testw ama F3 kisha isome tena. Ni masaa machache ya subira.

Nikachukua ya SATA, inchi mbili na nusu, gigabaiti 256, shilingi 3,500. Ikapanda basi Mombasa usiku, asubuhi iko Mokowe, gati ya upande wa bara, saa sita iko mkononi mwangu. Nyepesi sana. Niliifungua nikashtuka, nikadhani wamenitumia boksi tupu.

Asilimia 31

Mpango wangu ulikuwa kukopi kila kitu kama kilivyo kutoka diski kuukuu kwenda mpya. Nilifungua kasha la kompyuta, humo ndani vumbi la chokaa limeganda kama unga, skrubu mbili zina kutu hazitoki, si mnajua hewa yetu ya chumvi haimwachi mtu. Nikasafisha, meno ya RAM nikayafuta kwa kifutio cha penseli, nikachomeka SSD kwenye kebo ya pili, nikaanza kukopi.

Asilimia 10. Asilimia 20. Nikaenda kuswali adhuhuri nikarudi, asilimia 31.

Alasiri, asilimia 31.

Nikasogeza sikio. Tk. Kimya. Tk. Kimya. Tk.

Mlio ule nilikuwa naujua. Nilikuwa nausikia mwaka mzima, nikiuchukulia kama mtu anavyouchukulia mlio wa mlango wa nyumba yake. Programu ikatoa maandishi mekundu, haiwezi kusoma, imeacha.

Hadi diski zina daftari lao wenyewe, SMART, linaandika afya ya diski siku hadi siku bila mtu kuuliza. Miaka miwili sikuwahi kulifungua. Nikalifungua. Sekta, yaani vile vijisehemu vya kuandikia data, zilizohamishwa kwa sababu zimeharibika: 1,184. Sekta zinazongoja kuhamishwa manake hazisomeki: 312.

Nikakaa chini.

Kumbe diski ikifika kwenye sekta mbovu haipiti tu. Inajaribu. Inajaribu tena, na tena, sekunde nzima zinapita, na wakati huo kila kitu kinachoitegemea kimesimama. Ndiyo ile mausi isiyosogea. Ndiyo ile simu ya bibi isiyoonekana. Na kila stima ikikatika ghafla, kile kichwa kilikuwa kinakimbizwa kwenye maegesho yake kwa nguvu iliyobaki kwenye sahani zinazozunguka, na kama kilikuwa katikati ya kuandika basi kinaacha nusu neno. Hesabu mwenyewe mara ngapi stima imepotea huku mtaani kwetu Langoni mwaka huu.

Haikuwa imezeeka. Ilikuwa mgonjwa, inasema kila siku, na mimi nina neno la kuinyamazisha.

Aliyeniuzia aliniambia diski imebadilishwa, ni mpya. Daftari lile lile linaonyesha masaa iliyowaka tangu kuzaliwa: zaidi ya elfu arubaini. Ni miaka minne na nusu ya kuwaka bila kupumzika, na mimi nilikuwa nayo miaka miwili tu, mchana. Iliniuma, lakini sikuweza kumlaumu peke yake, manake daftari lilikuwa humo humo siku ya kwanza.

Usiku wa kuokoa

Kosa kubwa hapa ni kuwasha Windows tena na tena kwenye diski inayokufa. Kila ukiwasha unaichosha. Nilimuuliza jamaa yangu fundi yuko Malindi, akaniambia izime sasa hivi, usiiguse, tafuta diski ya nje kubwa, waka na Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data.

Hiyo ddrescue ina adabu ya ajabu. Inachukua kwanza palipo pazuri pote, ikikuta pabaya inaruka inaweka alama, ikimaliza ndiyo inarudi kwenye mabaya moja moja polepole. Na inaandika ramani, kwamba hapa nimeshafika, hapa bado, kwa hivyo stima ikipotea hakuna kuanza upya. Ilipotea mara mbili usiku ule. Mara zote mbili ikaendelea pale ilipoachia.

Masaa manne ya kwanza ilibeba karibu yote. Kumi na tano yaliyobaki ilikuwa inahangaika na makombo. Mimi nimelala dukani kwenye mkeka, pembeni ya kidaka, nasikiliza tk, tk, na katika kusoma soma kwenye simu nikakuta kwamba hadi diski ya kwanza kabisa IBM waliitoa 1956, sahani 50 kila moja upana wa inchi 24, uzito kama tani, na yote hiyo ilibeba herufi milioni tano. Picha moja ya simu yangu haiingii. Nikawaza ingefikaje hapa kutoka Mokowe, boti gani, punda wangapi, na kichochoro gani kingeipitisha.

Kulipokucha kulikuwa na megabaiti 11 hazikusomeka. Ndani yake zilikuwemo picha sita za harusi ya dada yangu. Sita. Nilikuwa na nyingine mia tatu lakini hizo sita nimeziangalia majina yake mara nyingi.

Kuikata kamba

Sasa nina kila kitu kwenye diski ya kuazima na SSD tupu mkononi, na ule wasiwasi wa kwanza umerudi, nirudishe Windows 10? Ingefanya kazi. Ingewaka haraka. Lakini mimi nashika vitambulisho vya watu, namba za siri za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, watu wanazitaja kwa sauti mbele yangu kwa kuniamini, na mfumo ambao haupati tena viraka vya usalama kuuweka kwenye kazi hiyo roho ilikataa. Kuna mpango wa kuongezewa muda, najua, ni mwaka, halafu tunarudi hapa hapa.

Nikaweka Linux Mint. Nilikuwa nimeiogopa miaka. Kwa duka kama langu kazi yote ni brauza, barua, skana na printa, na printa ilijitambulisha yenyewe kabla sijatafuta draiva. Kilichonisumbua ni fonti za barua za wateja kubadilika, ilinichukua siku mbili, na mwalimu mmoja jedwali lake la alama lilivurugika tukalipanga upya pamoja. Anayetegemea programu ya Windows pekee, ya hesabu za biashara mathalani, afikirie mara mbili.

Nikafunga SSD kwenye sehemu yake kwa skrubu mbili na kipande cha gundi, manake nafasi imetengenezewa diski kubwa, na SSD haitikisiki hata uitundike. Bayosi, ile mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, nikaiweka AHCI, njia mpya ya kuzungumza na diski, ilikuwa imeachwa kwenye IDE, ile ya zamani, sijui na nani.

Kitufe.

Sekunde 22.

Nilizima nikawasha tena. 22. Nikamwita kijana wa duka la viungo hapo mkabala aje aone, akaangalia, akasema sasa? Yeye hajui. Nilitamani kumkamata mabega.

Ile kuukuu

Fundi mmoja alipita akaniomba nimuuzie hadi diski, mia tano, ya vipuri. Mia tano ni mia tano. Lakini humo ndani kuna skani za vitambulisho vya watu wa miaka miwili, vyeti vya kuzaliwa, sahihi, barua za hospitali, na diski yenye sekta mbovu hata ukiifuta kuna vipande havifutiki manake havifikiki. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata isingekuwepo, wale watu walinipa mimi, hawakumpa mtu wa mia tano. Niliifungua kwa bisibisi ya nyota. Sahani zinang'aa kama kioo cha bibi harusi, mtu hawezi kuamini ndiyo iliyokuwa inateseka vile. Nikazikwaruza kwa msumari pande zote kisha nikazikunja kwa nyundo.

SSD nayo si ya kulala usingizi. Haipigi tk. Siku ikiamua kufa mara nyingi inatoweka tu, mashine haiioni, na kuokoa kilichomo ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hivyo kila Alhamisi jioni nakopi kazi kwenye diski ya nje naipeleka nyumbani. Kuchakaa kwa kuandikwa sikuogopi sana, kwenye karatasi yake wameandika terabaiti 80, mimi kwa siku sizidi gigabaiti 10, hiyo ni siku elfu nane, zaidi ya miaka 21. Na nimenunua UPS ndogo, betri ya kushikilia mashine, ya mkopo, ili stima ikipotea nipate dakika za kufunga kwa heshima. Hiyo ilinigharimu zaidi ya SSD yenyewe na sijutii.

Jumanne

Jumanne iliyopita stima ilipotea asubuhi ikarudi mida ya saa nne. Nimeinama natafuta karatasi nikasikia salamu ya mlangoni, nikainua uso.

Kikapu kile kile.

Nilimwamkia shikamoo, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ile basari.

"Ile ilipita, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja mvua ya jana. "Tuko na hii ya muhula ujao."

Sikuwa na la kusema. Nikachukua simu. Yeye akaenda kukaa pale pale barazani, akavua viatu, akafungua kikapu akatoa ukili wake, manake safari hii alikuja na kazi ya kufanya akingoja, akaanza kutafuta ncha alipoachia kusuka.

Nikatoka na kurasa nne.

Aliniangalia, akaziangalia, akaangalia ukili. Hajaipata ncha bado.

"Ishakuwa?"

"Ishakuwa, bibi."

Akazipokea, akazigusa kwa vidole, zina joto. Kisha akaukunja ukili taratibu akaurudisha kikapuni, akavaa viatu, na saa nne na dakika ishirini alikuwa ameshika kichochoro kwenda gatini.